Dar ya Zamani kwa Miguu: Kutoka Boma la Majid Mpaka Uani Kariakoo

Alhamisi

Nimetoka Moro na treni ya SGR ya jioni, ni mwendo wa kama saa mbili hivi ushafika mjini. Nimekuja kwa jambo moja tu, nataka niione Dar ya kale kwa miguu kabla haijaisha. Watu wakisikia majengo ya kale akili inakwenda Zanzibar, Bagamoyo, Kilwa, Dar wanaijua kwa foleni na mizigo ya Kariakoo, wakati mji una miaka zaidi ya 150 na kuta zake za kwanzakwanza bado zipo, unaweza kuzishika.

Tena safari yenyewe ilikuwa somo. Reli ya Kati ya Mjerumani ilianza kujengwa kutoka Dar mwaka 1905, ikafika kwetu Morogoro 1907, mpaka kufika Kigoma ilikuwa 1914, mwaka uleule Vita ya Kwanza ya Dunia inaanza. Unashuka kwenye stesheni mpya ya vioo iliyochorwa kwa umbo la tanzanite, halafu hatua chache tu pale kuna reli ya zamani na magodauni yake. Nilisimama pale na begi mgongoni mpaka bodaboda wakaanza kuniita dada wapi dada wapi.

Nimefikia kwa shangazi, Magomeni. Shikamoo, marahaba, umekonda, kaa ule. Binamu yangu mdogo yupo anasomea usanifu majengo pale Chuo Kikuu Ardhi, yeye ndo atanizungusha. Ameshaweka futi, daftari la michoro na penseli kwenye mkoba, nikajua kabisa hapa sijapata mtu wa kupiga picha na kuondoka.

Ijumaa

Asubuhi tumechukua mwendokasi Magomeni Mapipa tukashuka Posta ya Zamani, tukarudi kwa mguu mpaka Boma la Kale, pale Barabara ya Morogoro inapokutana na Sokoine Drive. Nimepita hapo na daladala miaka nenda rudi sijawahi kuingia, na naamini wengi wenu hivyohivyo. Jamani ingieni.

Hili jengo ni la miaka ya 1866 na 1867 hivi, enzi za Sultan Majid bin Said wa Zanzibar. Yeye ndiye aliyeamua miaka ya 1860 kujenga mji mpya hapa jirani na kijiji cha Mzizima, kwa ajili ya hii bandari tulivu. Akafariki 1870 kabla mji haujasimama vizuri, na ndugu yake Barghash aliyemfuata hakuwa na habari nao, nyumba zikaanza kuota majani, mpaka Wajerumani walipokuja na mwaka 1891 wakauhamishia makao yao makuu kutoka Bagamoyo. Kwa hiyo Boma ni moja ya mabaki machache sana ya ule mji wa Majid. Leo lipo chini ya wasanifu majengo wenyewe, wameweka humo kituo cha urithi wa usanifu wa Dar es Salaam, DARCH, kuna ramani, picha za zamani na maelezo ya mji ulivyokua.

Mlango ni wa kuchongwa, wa Kizanzibari, mzito. Ila kilichonishika mimi ni ukuta. Kuna sehemu lipu haipo unaona mawe ya matumbawe yalivyopangwa na chokaa, ukikaribia kabisa unaona vitundu vidogovidogo vya tumbawe, kitu kilichokuwa hai baharini. Ukuta mnene kiasi kwamba pale dirishani mtu unakaa na miguu juu. Nje jua linachoma, ndani hamna feni na hujasikia joto. Binamu akaniambia inua macho, juu boriti za mikoko zimelala zimekaribiana, juu yake mawe na chokaa. Akatoa futi. Akanieleza kitu sijawahi kukifikiria, kwamba boriti ya mkoko ina urefu wake wa kufaa, ikipita mita 3 hivi inaanza kulegea, ndo maana vyumba vya pwani vya zamani ni virefu na vyembamba, sio fundi alipenda iwe hivyo, ni mti ndio ulioamua upana wa chumba. Toka hapo kila chumba nilichoingia nilianza kwa kutazama juu.

Halafu akaniambia habari ya sheria, hii nimeisikia na imeniuma. Sheria yetu ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya 1863. Sasa hesabuni wenyewe, Majid ameanza Dar miaka hiyohiyo ya 1860, Boma lenyewe ni la baada ya hapo, yaani karibu mji wote unakosa huo ulinzi kwa miaka michache! Jengo lolote la Dar lililojengwa baada ya hapo, ili lilindwe, lazima serikali ilitangaze. Lisipotangazwa, ni kiwanja cha mjini kama viwanja vingine, na bei ya viwanja vya mjini mnaijua.

Karibu na hapo kuna Atiman House, nayo ya enzi za Majid, Mapadre Weupe, wale wamisionari wa Kikatoliki, waliinunua 1922. Mngejua huyo Atiman ni nani. Adrien Atiman alitekwa utumwani akiwa mtoto kule upande wa mto Niger, akakombolewa, akasomea udaktari Malta, mwaka 1889 akafika Karema kando ya Ziwa Tanganyika na hakuondoka, alitibu watu mpaka uzeeni, amefariki 1956. Watu wanapita chini ya hiyo nyumba kila siku kukimbilia ofisini.

Mchana tumekula ubwabwa na samaki kwa mama lishe upande wa Feri, tukaingia kanisa la Kikatoliki la Mtakatifu Yosefu. Limejengwa kuanzia 1897 mpaka 1902, likatabarukiwa 1905. Vioo vya rangi nyuma ya altare muda ule jua lilikuwa linaingia vizuri, kulikuwa na watu watatu wanasali, mmoja na kapu lake la mboga pembeni, sikupiga picha.

Tukamalizia kwa Sanamu ya Askari, Samora na Azikiwe. Kabla yake pale alisimama Hermann von Wissmann, gavana wa Kijerumani, sanamu yake Waingereza walipoingia mji 1916 wakaitoa. Hii ya askari ya shaba imewekwa 1927 kuwakumbuka Waafrika waliopigana vita ya kwanza, ina maandishi ya Kiswahili, Kiarabu na Kiingereza, na bunduki imeelekea bandarini. Mimi kwa kweli ilinichukua muda kuondoka pale. Wale watu waliingizwa kwenye vita ambayo haikuwa yao, askari na wapagazi, wengi wamekufa kwa njaa na magonjwa huko porini, na kumbukumbu yao katikati ya jiji imezungukwa na magari. Angalau ipo.

Jumamosi

Leo shangazi naye kasema anakuja. Tumeanza hapohapo Magomeni, Mtaa wa Ifunda, nyumba ya Mwalimu Nyerere, sasa hivi ni makumbusho. Alikuja kuishi hapa baada ya kuacha ualimu Pugu mwaka 1955 ili afanye kazi ya TANU. Ni nyumba ya kawaida kabisa, ukiipita bila kuangalia kibao hujui. Shangazi akawa anaingia chumba hiki anatoka anaingia kile, anasema "mwanangu, humu ndo nchi imepangwa humu?" Vyumba ni vidogo kweli, ukiweka wageni sita mnagusana magoti. Nadhani kila mtoto wa Dar angeletwa hapa kabla ya kupelekwa kokote.

Kutoka hapo Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert. Jengo la mbele ndilo la zamani, lilifunguliwa 1940 kama kumbukumbu ya Mfalme George wa Tano, nyuma yake wameongeza majengo mapya na sasa ni Makumbusho na Nyumba ya Utamaduni. Kiingilio sisi wazawa ni kidogo kuliko wageni, kwa hiyo hamna kisingizio.

Zinjanthropus mnamjua wote toka darasa la nne, fuvu aliloliona Mary Leakey Olduvai tarehe 17 Julai 1959, umri kama miaka milioni 1.75. Ila kusoma ni kingine na kusogeza uso mbele ya yale magego makubwa ni kingine. Upande wa Kilwa kuna sarafu na vyombo vya udongo, vipande vya sahani za China vimekuja na majahazi, hapo tulikaa sana. Kuna na magari ya viongozi, likiwemo Rolls Royce alilolitumia Mwalimu, na kuliona gari lile saa mbili baada ya kutoka Mtaa wa Ifunda kulinifanya nizielewe zile pande mbili za maisha ya Mwalimu kuliko kitabu chochote. Uani kuna kumbukumbu ya mlipuko wa ubalozi wa Marekani wa tarehe 7 Agosti 1998, watu 11 walikufa hapa Dar. Shangazi anaikumbuka ile siku, alisikia kishindo akadhani ni transfoma.

Malalamiko yangu kwenye makumbusho ni moja, maelezo mengi ni mafupi mno. Kitu kimesafiri miaka 700 kunifikia, kimeandikiwa mstari mmoja. Mtu asiye na binamu wa kumweleza anatoka na picha za simu tu.

Bustani ya Mimea ipo jirani, ilianzishwa na Wajerumani 1893 kwa ajili ya kujaribu mazao ya kulima koloni lote, leo kuna tausi wanatembea na wafanyakazi wa maofisini wanakula chakula chao kivulini. Tukapita Ocean Road, hospitali ya mwaka 1897, Robert Koch mwenyewe, yule daktari mtafiti wa Kijerumani, alifanyia Dar uchunguzi wa malaria miaka ile. Sasa ni taasisi ya saratani, wagonjwa wapo wengi, tulitazama zile varanda na matao yake tukiwa barabarani tukaendelea zetu.

Ikulu hairuhusiwi kupiga picha, wala msijaribu. Lakini toeni noti ya buku muigeuze nyuma, hiyo hapo. Ilikuwa nyumba ya gavana wa Kijerumani, manowari za Waingereza zikaipiga mizinga 1914, Waingereza haohao baadaye wakaijenga upya, ikakamilika 1922, ndo ikapata hayo matao na umbo la pwani unaloliona kwenye noti.

Jumapili

Ibada Azania Front na shangazi. Nilifanya makusudi kuliacha hili kanisa mpaka leo maana nilitaka niliingie likiwa linafanya kazi yake. Limejengwa na wamisionari wa Kilutheri wa Kijerumani 1898 mpaka 1902, paa la vigae vyekundu, mnara wake ndo watu wa meli walikuwa wanauona wakiingia bandarini. Madirisha yana vipaa vidogo vya vigae juu yake, kila dirisha na chake, kukinga mvua na jua, hivyo vipaa ukishaviona huachi kuvitazama. Kwaya ilipoanza, sauti inapanda inakaa juu kwenye mbao halafu inashuka kwako taratibu. Shangazi amesali hapo miaka mingi, kwake ni kanisa tu, anajua benchi lipi linapata upepo.

Na hapo ndo nikapata kitu ambacho nilikuwa nakizunguka toka Ijumaa. Majengo yaliyopona Dar ni yale yenye watu wanaoyahitaji kila wiki. Kanisa lina waumini, wanachangia vigae. Hospitali ina wagonjwa, Ikulu ina Rais, Boma limepata wasanifu. Nyumba ikishakosa mtu wa kuihitaji, hata iwe nzuri vipi, inasubiri greda.

Mchana tumeenda Kijiji cha Makumbusho, Barabara ya Bagamoyo, shukeni stendi ya Makumbusho hapohapo. Kipo toka miaka ya 1960, kuna nyumba za makabila mbalimbali zimejengwa kwa ukubwa wake halisi. Msonge wa Wahaya nyasi zinatoka kileleni mpaka chini, ndani giza na ubaridi, kuna sehemu ya watu na ya mifugo. Tembe lina paa la udongo la bapa, ni nyumba ya nchi kavu kama Dodoma, hapa kwenye mvua za Dar inapata shida na unaona ilivyozibwazibwa. Nyumba hizi hazikujengwa zikae miaka 100, ni kurudiwa, nyasi zinabadilishwa, udongo unapakwa tena. Kinachotakiwa kutunzwa pale kwa kweli ni ufundi wa mkono, na mafundi wanaojua kuezeka msonge wanazeeka. Alasiri kulikuwa na ngoma, shangazi alicheza.

Jioni binamu alinipitisha Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar, kuona Nkrumah Hall, ile ya kwenye noti ya zamani ya mia tano kabla haijawa sarafu. Giza lilishaanza, hatukukaa.

Jumatatu

Siku ya Uhindini na Kariakoo. Kama unakuja Dar na una siku moja tu, chukua hii.

Tumeanzia Mnara wa Saa, uliojengwa 1961 Dar ilipopewa hadhi ya jiji, tukaingia mitaa ya Kisutu, India, Indira Gandhi, Jamhuri, Zanaki. Hapa tembea ukiangalia juu, chini ni maduka ya simu na vipuri lakini ghorofa ya kwanza kwenda juu kuna vibaraza vya chuma cha kusukwa, matao, nguzo, na kileleni mwa jengo jina la familia na mwaka limeandikwa kwa saruji, 1920 na kitu, 1930 na kitu. Mwenye nyumba aliishi juu akauza duka chini. Kila baada ya nyumba mbili tatu za hivyo kuna shimo lililozungushiwa mabati, au ghorofa la vioo. Kwenye Indira Gandhi ndiko lilikoanguka lile ghorofa likiwa linajengwa, Machi 2013, zaidi ya watu 30 wakafa. Mzee muuza kahawa kwenye kona alituonyesha kwa kidole nyumba zilizokuwepo mtaa mzima, hii ilikuwa ya mshonaji, hii ya muuza vitambaa, hii walihamia Canada. Tulikunywa kahawa na kashata, anazo kichwani zote, hakuna aliyewahi kumwandika.

Ukitoka Uhindini unavuka Mnazi Mmoja, na hapo ndo unaona mji ulivyokatwa. Wajerumani walianza kuugawa kwa aina ya nyumba, Wazungu baharini, katikati Wahindi, Waafrika nyuma, na Waingereza wakauacha huu uwanja wazi uwe kizuizi kati ya Uhindini na Uswahilini. Leo watoto wanacheza mpira, watu wanapumzika, ila mstari uliochorwa na wakoloni bado unauvuka kwa miguu yako mwenyewe, na ukiuvuka nyumba zinabadilika.

Soko kuu la Kariakoo ni kazi ya Beda Amuli, Mtanzania, msanifu majengo wa kwanza Mwafrika Afrika Mashariki, lilifunguliwa 1975. Paa lake ni miavuli mikubwa ya zege iliyopinduliwa, imebebwa na nguzo, mvua ikinyesha maji yanaingia katikati ya kila mmoja yanashuka kwenye tangi chini. Kivuli, upepo na maji, vyote kwenye umbo moja. Binamu anasema darasani wanaonyeshwa majengo ya Ulaya na Brazil, hili lipo hapahapa mjini kwao! Liliungua usiku wa tarehe 10 Julai 2021, na siku ile ilisikitisha kwa ajili ya wafanyabiashara, lakini wachache walisema ni kazi ya nani ilikuwa inaungua.

Halafu tukaingia mitaani kutafuta nyumba ya Kiswahili ambayo haijavunjwa. Tulitembea sana, kila mtaa fremu za maduka, fremu, ghorofa, fremu. Tukaipata moja imebanwa na maghorofa pande mbili, bati lina kutu, baraza ya saruji mbele, na bibi amekaa barazani anachambua mchele. Shikamoo bibi. Marahaba wajukuu zangu, mnatafuta nani? Binamu akapiga goti akamweleza kwamba anasoma majengo na anaomba kuchora nyumba yake. Bibi akacheka, akasema watu wanaokuja na futi hapa huwa wanataka kununua.

Akaturuhusu. Ukumbi unapita katikati kutoka mlango wa mbele mpaka wa nyuma, vyumba vitatu huku na vitatu kule, mwisho unatokea uani penye jiko, choo na kisima kilichofunikwa. Simama katikati ya ukumbi milango yote miwili ikiwa wazi, upepo unapita moja kwa moja, hakuna umeme wowote. Mimi nilishika mwanzo wa futi, binamu anasoma anaandika, bibi anatufuata nyuma chumba kwa chumba anasema nani alipanga. Hiki alikuwepo kuli wa bandarini toka Kilwa. Hiki mshona viatu na mkewe, mtoto wao wa kwanza kazaliwa humuhumu. Hiki amekaa mwalimu wa madrasa mpaka akafa. Binamu akaanza kuandika na majina ya watu ndani ya mchoro, pembeni ya vipimo, nikaona hapa sasa panafanyika makumbusho.

Bibi anasema wanaoitaka nyumba wanakuja karibu kila mwezi, na wanawe wapo wanaotaka iuzwe, yeye hataki ila hajui watakavyofanya akiwa hayupo. Hatukuwa na la kumshauri. Ndani ya miaka michache mtaa ule hautakuwa na hata moja, na sio nyumba ya sultani wala ya gavana, hakuna kibao kitakachowekwa.

Jua lilituzidi kabla hatujamaliza chumba cha nyuma na uani. Mimi treni yangu ni ya kesho asubuhi, binamu atarudi mwenyewe Jumamosi kumalizia, na bibi ameshamwambia aje na karatasi mbili, moja ya chuo na moja ya kubandika ukumbini.